Mpira Ulioingia kwa Msusi

Watu wanaosema kwamba kila shabiki wa timu ndogo lazima atamani timu yake ipande ligi kuu, siku hizi siwajibu. Nikiwajibu nitatukana, na mimi nimelelewa na mtu asiyependa matusi. Nawaambia tu waje wakae kwenye kiti cha mama mkubwa, kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, waliangalie tundu lililoko ukutani, halafu waniambie wanaona nini. Mpaka leo hajaja mtu. Wenye maneno mengi kuhusu mpira mara nyingi hawana nafasi ya kwenda kuutazama.

Mama mkubwa ni msusi. Ni dada yake mama yangu, ndiye aliyenichukua nikiwa mdogo, akanifundisha kushika chanuo kabla sijajua kushika kalamu vizuri, na bado tunasuka pamoja kwenye ua wa nyumba yake. Ua wenyewe si mkubwa. Kuna kivuli cha mabati, benchi la wateja, kioo kilichoning'inizwa kwenye msumari, beseni la kuoshea nywele na kopo la maziwa lililojaa machanuo na vibanio. Ukuta wa nyuma ni wa matofali ya saruji. Upande wa pili wa ukuta huo, karibu kabisa, ndipo lilipo goli moja la uwanja wa Mafundi.

Jina la timu halikutoka mbali. Mtaa wetu ni wa karakana: maseremala, wachomeleaji, mafundi magari, washona makochi. Wao ndio walioianzisha timu, wakafyeka uwanja kwa mikono yao na kuchomelea magoli kwa mabomba chakavu. Jumamosi mchana ulikuwa unasikia mashine zinazimwa, hii hapa, ile pale, mpaka mtaa mzima unanyamaza, na hata mgeni anajua kwamba leo kuna mechi. Timu haikuwa tajiri wala bingwa wa kitu chochote. Ilikuwa na mipira miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa umeshonwa na mshona makochi.

Sasa, goli likiwa karibu na ukuta namna ile, mashuti mengi yalikuwa yanaishia uani kwetu. Zamani wachezaji walikuwa wanaruka ukuta kuufuata mpira, mpaka siku mmoja wao alipotua ndani ya beseni lenye dawa ya nywele na kumrushia dawa hiyo bibi harusi aliyekuwa anaandaliwa. Mama mkubwa hakusema naye. Alifungua geti, akazunguka, akaingia mpaka katikati ya uwanja na chanuo mkononi, akamsimamisha mwamuzi na kutangaza sheria: mpira ukiingia kwa msusi, msusi ndiye atakayeurudisha. Mwamuzi akakubali. Nadhani lilikuwa suala la lile chanuo. Tangu hapo sheria ikawa sheria, na timu ngeni zilikuwa zinaambiwa kabla ya mechi kuanza, kama vile wanavyoonyeshwa choo kilipo.

Sheria hiyo ilikuwa na utamu wake. Mafundi wakiwa wamefungwa, mpira ulikuwa unarudi kabla haujatulia chini. Mimi nilikuwa naudaka, nampa mama mkubwa, anaurusha, imekwisha. Lakini Mafundi wakiwa wanaongoza, eh, hapo mama mkubwa alikuwa na kazi za watu. "Ngoja nimalize mstari huu," anasema, vidole vinakwenda taratibu utadhani anamsuka malkia. Mashabiki wakaijua siri hiyo wakaifanya wimbo. Tukiongoza wanaimba, "Suka, mama, suka!" Tukifungwa wanaimba, "Fumua! Fumua!" Wageni walikuwa wanalalamika hadi povu linawatoka, na mwamuzi anavaa miwani ya mbao.

Mechi zenyewe mama mkubwa alikuwa anazitazama kupitia tundu. Tofali moja la ukutani lilikuwa limelegea kwa kupigwa mpira mara kwa mara, akaomba litolewe, akaweka kiti chake hapo. Magoti yake yalishakataa kazi zamani. Kwenda dukani ni safari, kupanda gari ni adhabu, na ngazi hata usizitaje. Ndiyo maana siku yake ilikuwa Jumamosi, na dunia yake ya Jumamosi ilikuwa na ukubwa wa tofali. Anakaa kitini, mteja chini mbele yake, macho tunduni, vidole vinasuka vyenyewe bila kuangalia. Wateja wa Jumamosi walijua kabisa kwamba goli likifungwa, nywele zitavutwa. Walikuja hivyo hivyo.

Na tundu lilikuwa linamwonyesha kitu kingine zaidi ya mpira. Kipa wa Mafundi alikuwa mwanawe, mtoto wake pekee, mchomeleaji wa karakana ya kona. Mtaa mzima unamwita Koleo, kwa sababu ya mikono yake. Kitu akishakishika hakitoki. Kipindi cha pili Koleo alikuwa anasimama kwenye goli la upande wetu, mgongo wake kwa mama yake, hata akikohoa mama anasikia. Mama mkubwa alikuwa anamjua mwanawe kwa nyuma kuliko watu wengine wanavyojua watoto wao kwa mbele. Alikuwa anaona soksi iliyoshuka, anaona jezi iliyochanika begani, na kutokana na jinsi Koleo anavyokanyaga anajua kama wiki hiyo kazi ilikuwa nzito.

Basi ukaja msimu huo ambao timu ilianza kushinda, ikazoea. Mtaa ukaingiwa na homa. Watu waliokuwa hawajui hata jina la beki wetu wakaanza kuvaa jezi. Mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaanza kufunga tai, na mtu wa misumari na saruji akivaa tai mchana wa jua ujue kuna jambo. Neno likawa moja tu kila mahali: kupanda. Tunapanda. Mwaka huu tunapanda.

Na mimi nilitaka tupande. Nasema wazi na siombi radhi. Nilikuwa namwona kaka yangu Koleo anatoka kuchomelea macho mekundu, anaosha uso kwenye beseni letu, anavaa glavu zilizozibwa viraka, anakwenda kudaka. Nilikuwa nasikia redio inataja timu za watu wengine mpaka kucha za wachezaji wao, yetu haitajwi hata kwa bahati mbaya. Nani asiyetaka kutajwa? Nani anazaliwa ili aitwe mdogo mpaka anazeeka? Nilikuwa namwambia mama mkubwa hayo, ananisikiliza, kisha ananiuliza swali lile lile moja.

Swali hilo akaamua kulipeleka mkutanoni. Mwenyekiti aliitisha mkutano wa mashabiki kwenye banda la seremala, watu wamekaa juu ya mbao, vumbi la randa puani. Tulimpeleka mama mkubwa kwa mkokoteni, amekalia mto wa kochi, na baadhi ya watu wakamshangilia kwa utani kama anapanda jukwaani. Mwenyekiti akaongea, akaongea, akataja wafadhili, akataja televisheni. Alipoweka nukta, mama mkubwa akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, tukipanda tutachezea wapi?"

"Mama yangu, hayo ni mambo madogo."

"Makubwa ni yapi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, lakini mama mkubwa hakushusha mkono. Ikabidi aseme. Ligi kuu wanataka uwanja wenye viti, wenye taa, wenye uzio na vyumba vya kubadilishia. Wetu haufai. Kwa hiyo kwa muda timu itakodi uwanja kule kwenye jiji kubwa, safari ya kutwa nzima, huku mipango ya kukarabati wa kwetu ikiendelea.

"Kwa muda gani?"

"Mungu akijalia, si mrefu."

"Na nani anayekarabati? Mbona simwoni fundi, na mtaa mzima ni mafundi?"

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Mmoja akasema msusi anaogopa kukosa wateja. Mwingine akasema kuna watu wamezoea chini, ukiwapandisha wanapata kizunguzungu. Mwingine, mshona makochi ambaye mama mkubwa amewasuka binti zake wote bure siku za mitihani, akasimama akasema kwa sauti ya kutafuta makofi kwamba shabiki asiyetaka timu yake ipande ni msaliti. Akayapata makofi. Msaliti! Mwanamke aliyepoteza wateja kwa ajili ya timu hiyo, aliyewafulia wachezaji jezi zikiwa na tope, aliyewapa ukuta wake waupige mpaka ukatoboka. Nilisimama nikafungua mdomo, mama mkubwa akanivuta nguo nikae. Tulirudi nyumbani, mimi nausukuma mkokoteni kwa hasira mpaka akaniambia nisimmalizie magoti yaliyobaki.

Jioni hiyo Koleo alikuja kula. Akakaa kwenye benchi la wateja na chai yake na mkate. Mimi ndiye niliyeanzisha.

"Lakini mama mkubwa, timu zote zinataka kupanda."

"Zinapanda na watu wao?"

"Watu wanasafiri."

"Mimi nitasafiri na magoti ya nani? Ya kwako?" Akanigeukia. "Sikia. Timu ambayo siwezi kuiona si timu, ni habari. Habari ninazo nyingi, sina pa kuziweka."

Koleo akaweka kikombe chini. "Mama, mimi ni mwaka huu au basi."

"Basi nini?"

"Nitazeekea hapa, nitakuwa nadaka na bakora mkononi. Kule kuna mshahara. Kuna daktari wa timu. Nikienda kule naacha kuchomelea, mama. Macho yananiwasha mpaka usingizini. Sijakwambia tu."

Mama mkubwa akamtazama. Akamsogelea, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama anavyomgeuza mteja kuangalia kama mistari imelingana. Macho yalikuwa mekundu kweli.

"Unataka kwenda?"

"Nataka sana."

"Kwa moyo wako wote?"

"Kwa moyo wote, mama."

"Haya," akasema. Akachukua machanuo yote kutoka kwenye kopo, akayaosha moja moja, ingawa yalikuwa masafi. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena swali lake. Lakini mtaa haukujua hayo. Mtaa ulikuwa umeshampa jina, na jina la namna hiyo halifutiki kwa maji.

Mechi ya mwisho ikaja. Tukishinda tumepanda, tukitoka sare tumebaki. Asubuhi watu walishajaa mpaka juu ya mapaa ya karakana. Mama mkubwa akakaa kitini mapema, mteja wake chini, binti mmoja mpole anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Kabla mpira haujaanza, geti likagongwa. Alikuwa katibu wa klabu, na fulana mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unasuka au unanyoa?"

"Hapana mama, nimetumwa na mwenyekiti. Nikae hapa leo, nikusaidie mambo ya mpira. Ukiingia mpira, niwe naushughulikia mimi."

"Kwa nini?"

Katibu akatazama viatu vyake. "Watu wanasema... yaani, wasiwasi tu, mama. Kwamba pengine leo utaurudisha haraka."

Jamani. Walimwekea mlinzi, ndani ya ua wake, kwenye sheria aliyoitunga yeye, wamlinde asiisaliti timu ambayo mwanawe yumo golini. Nilishika jagi la maji ya moto na sijui ningelifanyia nini. Mama mkubwa akasema tu, "Mpe benchi." Katibu akakaa, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Kipindi cha kwanza tukafunga. Sitasimulia goli lenyewe, lilikuwa baya, limegonga goti la mtu. Kipindi cha pili Koleo akaja upande wetu, na wageni nao wakaja, wote, hawakubakisha mtu nyuma. Mpira mmoja ukapigwa ukakwama juu ya paa la seremala, ukabaki ule wa pili tu, ule ulioshonwa. Koleo alidaka mpaka nikaacha kuhesabu pumzi zangu. Yule binti wa duka la dawa alikuwa anatoa machozi kwa jinsi mama mkubwa anavyomvuta nywele.

Zikiwa zimebaki dakika za kuhesabika, mshambuliaji wao akabaki yeye na Koleo, akapiga juu. Mpira ukapita juu ya goli, ukapita juu ya ukuta, ukagonga bati, ukaanguka uani ukabiringika mpaka miguuni kwa mama mkubwa.

Katibu akainuka kama aliyechomwa sindano.

"Kaa chini," mama mkubwa akamwambia. "Hapa ni kwangu."

Akakaa.

Huko nje palikuwa kimya. Hawakuimba. Kwa mara ya kwanza hawakuimba "Suka", kwa sababu walikuwa wanaogopa. Umati wote ule ulikuwa unamwogopa mwanamke mwenye chanuo. Nikasikia mwamuzi anapuliza filimbi kuuhimiza mpira, nikasikia wageni wanafoka. Kisha kwenye tundu ukatokea uso wa Koleo. Kwa kawaida alikuwa anapiga kelele, "Mama, mpira!" ili mwamuzi asikie anavyohangaika, huku anakonyeza. Siku hiyo aliweka tu mikono miwili ukutani, na glavu zake za viraka, akamwangalia mama yake. Miaka yote hiyo mama mkubwa alikuwa anauona mgongo kwenye tundu lile. Sasa anauona uso, jasho linatiririka, na yale macho.

Wakatazamana. Mimi nilikuwa pale. Kama angetaka, alichotakiwa kufanya ni kuinama na kuurusha. Wageni wangekuwa na muda wa kushambulia tena, na walikuwa wamebakisha kidogo tu. Jumamosi zake zingebaki.

"Rudi golini kwako, mwanangu," akasema. "Simama vizuri."

Kisha akaukanyaga mpira kwa kandambili usibiringike, akamwambia yule binti, "Inamisha kichwa," akaanza kusuka. Alisuka taratibu. Akafika mwisho wa mstari, akautazama, akasema haujanyooka, akaufumua wote akaanza upya. Matone yalikuwa yanamwangukia binti utosini, na binti, Mungu ambariki, hakuinua kichwa. Huko nje mtu mmoja akaelewa. Akaanza peke yake, "Suka, mama," kisha wakaitikia watu wa mapaani, kisha uwanja mzima, mpaka mabati yetu yakawa yanatetemeka. Waliimba hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Mwamuzi wetu alikuwa na safari ya kuwahi, na sijawahi kusikia filimbi ndefu kama ile.

Katibu alitoka mbio hata benchi likaanguka. Nje walikuwa wanalia, wanabebana, Koleo yuko juu ya mabega ya watu. Hakuna aliyekuja kusema asante, na hakuna aliyekuja kuchukua mpira. Tulidhani wataufuata kesho yake.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa kupanda. Msimu mpya ulipoanza, timu iliondoka na basi lililoandikwa jina letu ubavuni, na basi lenyewe halikupita hata mtaani kwetu, lilipakilia mbele ya duka la mwenyekiti. Mechi ya kwanza mashabiki walikodi magari, wakarudi wamechoka na sauti zimewakauka. Mechi ya pili wakaenda wachache. Baadaye wakawa wanatazama kwenye televisheni ya kinyozi, na kwenye televisheni unaona viti vitupu vinang'aa mstari kwa mstari, vizuri sana, vina rangi. Yule mshona makochi wa makofi hakwenda hata mara moja, alikuwa na oda. Uwanjani kwetu majani yameota mpaka kwenye nguzo za goli. Fundi wa kukarabati hajaonekana. Na Jumamosi mchana mashine hazizimwi tena. Ndicho kinachoniuma kuliko vyote, yale masumeno yanayokoroma Jumamosi mchana kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu.

Koleo alikwenda nao. Alipewa suti ya michezo, akapiga picha, mama mkubwa akaibandika picha kwenye kioo cha wateja. Akakaa benchi. Akaendelea kukaa benchi. Kisha klabu ikaleta kipa mwenye uzoefu, na kocha mwenye uzoefu, na mabeki wenye uzoefu, na wale waliofyeka uwanja wakaambiwa hawana kiwango. Kaka yangu aliambiwa kwa simu, na aliyempigia ni katibu yule yule wa benchi letu. Alirudishwa kama sufuria la kuazima. Siku ya pili yake alikuwa karakana, amevaa miwani ya kuchomelea.

Nilikwenda dukani kwa mwenyekiti. Mama mkubwa alinikataza, nikaenda. Alikuwa nyuma ya kaunta, tai imelegezwa, nyuma yake picha kubwa ya timu ambayo sikumjua mtu hata mmoja ndani yake.

"Dada yangu, lazima uelewe," akaniambia. "Mpira wa kule ni biashara. Timu sasa si ya mtaa, ni ya nchi nzima. Mngefurahi tu."

"Nchi nzima ndiyo iliyochomelea magoli?"

"Hasira hazijengi."

"Na wewe ulisema utajenga. Uko wapi huo ujenzi? Saruji si unauza mwenyewe?"

Akaanza kuhudumia mteja mwingine. Yaani nimesimama pale, ananiruka kama dimbwi. Niliondoka, na matusi niliyoyameza siku ile bado yamenikaa hapa kooni. Wanasema tumepanda. Nani kapanda? Kapanda yeye. Nitajieni mwingine. Mama aliyetoa Jumamosi zake kwa hiari yake, akakanyaga mpira kwa mguu wake mbovu ili mwanawe apate kuyapumzisha macho, hakupata cha Jumamosi wala cha macho. Na kwenye kaunta uchungu wake unaitwa hasira.

Jumamosi moja tulikuwa uani, redio juu ya benchi. Mama mkubwa alikuwa anamsuka yule yule binti wa duka la dawa. Kiti chake bado kilikuwa kimeelekea tunduni kwa mazoea, ingawa huko tunduni ni majani tu. Koleo alikuwa ametoka kazini mapema, ameegemea ukuta na kitambaa chenye maji machoni. Mtangazaji alikuwa anaitaja timu yetu jina zima, kwa madoido, kama nilivyokuwa natamani. Mafundi walikuwa wanaongoza na mechi inakaribia kwisha.

"Shuti kali," mtangazaji akasema, "na mpira unapaa juu ya goli, unaishia nyuma kabisa huko."

Nikaona vidole vya mama mkubwa vinapunguza mwendo. Sidhani kama alijua. Akaushika mstari aliokuwa anausuka, akaanza kuurefusha taratibu, shingo imenyooka, anasikiliza. Lakini mtangazaji hakupumua. Kipa ameshaanzisha, mpira uko katikati, mpira uko kulia.

Vidole vikasimama. "Mbona haraka hivyo? Nani kaurudisha?"

Mimi nikajifanya natafuta kibanio.

"Hakuna aliyeurudisha, mama," Koleo akasema, kitambaa bado kiko machoni. "Kule wana mingine. Wameipanga pembeni. Ukitoka mmoja wanachukua mwingine, hawaufuati."

"Hawaufuati?"

"Hawaufuati."

Mama mkubwa akageuza macho chini ya benchi. Mpira wa mechi ile ya mwisho ulikuwa bado upo pale, ule ulioshonwa, karibu na beseni, ambao kila nikifagia naufagilia pembeni na kuurudisha mahali pake, kwa sababu alikuwa amesema watakuja kuuchukua.

"Zima hiyo," akaniambia. Nikaizima redio kwa nguvu hata kitufe kikabaki mkononi. "Nipe huo mpira."

Nikampa. Akaufuta vumbi kwa kanga, akaugeuza upande wenye mshono, akainuka kwa kushikilia bega la mteja. Akauweka tunduni. Ulisita kidogo, akausukuma kwa kiganja, ukaingia ukakaza. Ua ukawa na giza kidogo upande ule. Koleo alitoa kitambaa machoni akatazama.

Mama mkubwa akashika kiti chake, akakigeuza kikaupa ukuta mgongo, akakaa. "Inamisha kichwa, mwanangu," akamwambia yule binti. Akaokota mstari pale alipouachia. Nimesuka naye karibu maisha yangu yote, na ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, Jumamosi mchana, akiziangalia nywele anazosuka.